Nani Anakunywa Bwawa la Mama Neema?

Milimani, juu ya Itumba
Alhamisi

Dada yangu Kabula,

Kabla hujakaa chini, jua kwamba unasoma barua ya mtu mzito. Kuanzia mpakani Tunduma mpaka huko kwenu kwenye chumvi, hakuna binadamu anayeyajua maji kunizidi mimi Masanja. Mvua ikitaka kunyesha huku milimani inapita kwanza kwangu kuuliza ianzie upande gani. Samaki wa bwawa hili wakiniona wanapanga foleni. Hata vyura, viumbe wasio na adabu kabisa, nikipiga mluzi wananyamaza. Sikuongopei. Ukitaka ushahidi panda gari uje.

Haya, salamu sasa. Mwangaluka, dada. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la Ivuna kimekuacha, au bado unatishia ndama nacho? Mgongo wa mama vipi? Na baba, bado anaamka kuhesabu ng'ombe kabla ng'ombe wenyewe hawajaamka? Mimi mwili hauna neno. Nakula, mashavu yamejaa, wasichana wa huku wanapata shida kidogo lakini nawahurumia. Kilichochafuka ni moyo. Nina hasira, dada. Nina hasira ya kupasua kuni bila shoka.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu ya hapo nyumbani ni moja, na baba akiishika anaweka sauti kubwa, ukoo mzima unasikia, majirani wanasogea, mpaka mbwa anabweka kujibu. Haya ya leo si ya kusikiwa na mbwa. Barua nitampa utingo wa lori linalokuja huko kuchukua chumvi, na nitamwambia akiifungua mkono wake utaoza. Na hizo alama za vidole vya bluu pembeni mwa karatasi usizijali. Ni bluu ya kufulia. Nilikuwa nafua.

Mara ya mwisho ulisikia nipo Mlowo napakia magunia ya mahindi. Ndiko alikoniokota Mama Neema. Huyu ni mfanyabiashara wa Tunduma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusimamisha basi. Siku hiyo alikuwa anamlalamikia dereva wake kwamba ana shamba huku Ileje, na ndani ya shamba kuna bwawa la asili ambalo hakulichimba mtu, maji yanatoka tu chini ya jiwe, lakini limejaa matete na majani mpaka bata wanatembea juu yake kama barabarani. Mimi nilikuwa napita na gunia kichwani. Nikasimama nalo hapo hapo, nikaongea kama mtu aliyekaa kwenye kochi.

"Mama, umepata mtu. Mimi nimezaliwa ndani ya lambo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Ndani ya lambo kivipi? Mama yako kambale?"

"Baba yangu ndiye anayechimba malambo ya Momba. Ng'ombe wa kule wanakunywa jasho lake."

"Na wewe unajua kuchimba?"

"Mama, mimi ndiye niliyemfundisha."

Usicheke. Najua unachokumbuka. Unakumbuka kwamba wakati baba na wenzake wanachimba mimi nilikuwa kivulini nakula miwa. Na unakumbuka wakimaliza ndipo sisi watoto tunaitwa, tunaingiza ng'ombe ndani ya shimo, tunawazungusha humo siku mbili, siku tatu, tope magotini, fimbo hewani, na wewe ukaanguka kifudifudi kwenye kinyesi na gauni lako la Krismasi. Ule mchezo ulikuwa mtamu kuliko Krismasi yenyewe. Basi kazi ilikuwa ya wakubwa na majembe yao, mchezo ulikuwa wetu. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na hivyo ndivyo nilivyomweleza Mama Neema, ukitoa habari ya gauni.

Nikapakiwa kwenye gari siku hiyo hiyo.

Bwawa nililikuta linanuka. Lipo katikati ya vilima viwili, upana wake kama nusu ya uwanja wa mpira, na Mama Neema amelizungushia uzio wa waya mnyama asisogee. Majani ya mikaratusi yameangukia humo na kuoza mwaka baada ya mwaka, maji meusi kama chai ya rangi, matete yamebakiza kijicho kidogo tu cha maji pale kati. Nikavua shati, nikaingia na mundu na reki. Maji ya huku, dada, siyo yale yenu ya kuchemshia yai. Haya yanakung'ata mpaka unasahau jina la baba yako. Nilikata matete chini kabisa, ndani ya maji, yasiote upesi. Nikabakiza fungu moja upande wa chemchemi, yachuje taka zinazoingia na ndege wapate pa kutagia. Majani yaliyooza niliyavuta kwa reki, rundo baada ya rundo.

Hapo ndipo nilipojuana na Bibi Tusekile. Anakaa bondeni, nje ya uzio wetu. Mfereji mwembamba unatoka kwenye bwawa unakwenda mpaka kwenye bustani yake ya kabichi, na ulikuwepo kabla Mama Neema hajanunua hapa. Ana ng'ombe watatu. Watatu, dada! Huku mtu wa ng'ombe watatu anawataja kwa majina. Basi siku ya kwanza alisimama kwenye waya akanitazama nikirusha majani mbali.

"We mume wangu mdogo," akaniita, mimi hata jina hajaniuliza. "Hayo usiyatupe huko. Yalaze ukingoni mpaka kesho."

"Kwa nini, bibi? Yana usingizi?"

"Yana konokono na watoto wa vyura. Waache warudi kwao wenyewe."

Nikayalaza. Kesho yake kweli, majani yalikuwa yanatembea! Vidudu vinashuka majini kimoja kimoja kama watu wanaotoka kanisani. Tangu siku hiyo kila saa nne alikuja na magimbi ya kuchemsha kwenye kitambaa, anayapitisha chini ya waya, anauliza, "Mume wangu, ng'ombe za mahari umeleta?" Na mimi najibu, "Baba bado anatafuta wanaokufanania kwa uzuri." Anacheka mpaka anashika nguzo.

Sasa njoo kwa Ambakisye, msimamizi wa shamba. Dada, huyu mtu! Mwembamba, buti za mvua mpaka kiangazi, hacheki, nadhani anaogopa meno yatapata baridi. Kwake mimi sina jina. Ni "dogo" na "we Msukuma". Nikipita na reki anauliza kama natafuta ng'ombe. Nimemvumilia kama unavyovumilia kiatu kinachobana kwa sababu hicho ndicho ulicho nacho.

Bwawa likang'aa. Mama Neema alipokuja Jumamosi alipiga vigelegele peke yake, ukungu ukakimbia. Halafu akasema, "Masanja, sasa nataka kina. Mtu akisimama katikati maji yamfike kifuani. Sitaki bwawa la bata, nataka bwawa la watu."

Kina! Nikaambiwa mimi, mtoto wa mchimba malambo. Nikageuza chemchemi kwa magunia ya mchanga, nikaacha maji yatoke kwa mfereji mpaka yakabaki upande mmoja, perege wote wakahamia huko. Upande wa pili nikaingia na jembe na sururu. Ambakisye akaja na buti zake.

"Dogo, hili tope jeusi la juu toa. Hilo la chini, la kijivu linalonata, liache."

"Kwa nini?"

"Huku hatuligusi."

"Hamligusi kwa sababu hamna nguvu, kaka. Kwetu lambo linachimbwa mpaka sururu ilie."

"Hili siyo lambo," akasema. "Hili ni bwawa."

Umesikia majibu hayo? Lambo, bwawa! Kama anajua tofauti akaandike kamusi. Nikamwambia ng'ombe wa kwetu kwa siku moja wanakunywa maji mengi kuliko mvua aliyowahi kuiona tangu azaliwe, asinifundishe. Akatema mate, akaondoka. Mimi nikachimba siku sita, mpaka sururu ikalia kweli, kokoto nyeusi nyepesi zikatoka, nikazitandaza njiani pakapendeza. Nikairudisha chemchemi. Maji yakajaa, yakanifika kifuani. Mama Neema akanipiga picha nimesimama katikati nimekunja mikono, akaionyesha Tunduma nzima, pamoja na Wazambia wanaonunua mchele kwake. Mimi sasa najulikana nchi mbili.

Halafu maji yakaanza kushuka.

Nilichomeka kijiti chenye alama pale ukingoni. Asubuhi ya kwanza alama moja imeachwa kavu. Nikasema jua. Siku ya nne alama tatu. Jua gani hilo na huku watu wanavaa makoti saa sita mchana? Nikajua kuna mwizi. Nikaapa nitampata, na nikimpata atakunywa maji yote aliyoiba kwa kikombe kimoja bila kupumzika.

Nikapanda kwanza kwa jamaa wa juu anayelima viazi. Ana pampu. Nikafika nimetanua kifua, "We bwana, unanyonya maji yetu!" Akanipeleka bandani akanionyesha pampu imefunguliwa tumbo, kuku wametagia ndani. "Mwambie huyo kuku anyonye taratibu," akasema. Wafanyakazi wake wakanicheka mpaka nimefika chini bado nawasikia. Hasira ya kwanza hiyo.

Nikarudi, Ambakisye amekaa juu ya ukingo anatazama kijiti changu. Ananitazama mimi, anatazama bwawa, ananitazama mimi. Dada, kuna watu wanaweza kukutukana bila kufungua mdomo. Nikamuuliza ana shida gani. Akasema, "Sina shida. Nakisubiri kichwa chako kipoe." Hasira ya pili, na hii ndiyo niliyokwenda nayo bondeni.

Maana nilitazama nikaona ni kitu kimoja tu kinachotoka kwenye bwawa lile. Mfereji. Na mwisho wa mfereji, kabichi zimenona kama matumbo ya madiwani. Jumamosi Mama Neema alipokuja na kupiga kelele kwamba bwawa lake la watu limekuwa tena la bata, nilinyoosha mkono wangu huu, nikasema, "Mama, maji yako yako kule." Tukashuka wote watatu. Bibi Tusekile alikuwa amepiga magoti anapalilia.

"Bibi, umeupanua mfereji," nikamwambia mbele ya watu.

"Nimeupanua na nini, mume wangu? Na kidole?"

"Maji yanaisha kule juu. Hapa kwako hayaishi."

"Mimi nachukua yanayonifikia. Yasiponifikia sichukui." Akasimama polepole. "Umeniona lini nikivuka waya wako?"

Nikaenda pale mfereji unapoanzia, nikauziba kwa yale magunia ya mchanga, matatu, nikayakanyaga yakae. Mama Neema akasema hiyo haitoshi, Jumamosi inayokuja, yaani kesho kutwa, atakuja na fundi na saruji, uzibwe moja kwa moja, historia iishe. Ambakisye akafungua mdomo, Mama Neema akamkata: "Mtaalamu wangu ameshasema." Mtaalamu ni mimi, dada. Ningekuwa na kioo ningejitazama.

Siku ya tatu kabichi zikaanza kulala. Miche aliyoihamisha juzijuzi ikawa kama tumbaku. Nikamwona bibi anachota maji kwenye kisima cha shule, mlima mzima, ndoo kichwani, kwenda na kurudi, anamwagia mche mmoja mmoja kwa kopo. Magimbi hayaji tena, na mimi sikuyatarajia. Lakini juzi tumekutana njiani nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia vizuri tu, "Marahaba, kijana." Akapita.

Kijana! Wewe fikiria. Mimi mume wa mtu, nimeachwa barabarani kwa neno moja. Nimekasirika mpaka nimepiga teke nguzo ya uzio, kidole gumba kimevimba. Si angenitukana? Watu wa huku hawajui hata kugombana. Kwetu ungesikia matusi mpaka ya mababu, halafu jioni mnakula pamoja. Huku unaitwa kijana, basi, umeshazikwa.

Nimechoka nao. Nimechoka na Ambakisye na macho yake, nimechoka na mwenye viazi na kuku wake, nimechoka na Mama Neema anayepiga simu kila siku kuuliza maji yamefika wapi kana kwamba anauliza hali ya mgonjwa. Na kile kijiti nacho natamani kukivunja.

Basi karatasi inakwisha. Nisalimie mama, mwambie shuka aliyonipa ndiyo inayonifanya niwe hai kwenye baridi hii. Nisalimie mdogo wetu wa mwisho, mwambie akiingia tena kwenye sanduku langu nitajua, hata nikiwa mbali. Msalimie shemeji mtarajiwa, yule mwenye pikipiki isiyowaka, mwambie asikate tamaa, wewe mwenyewe hukuwaka upesi. Shangazi wa Kamsamba mpe mkono. Baba msalimie kwa heshima zote. Mwambie kazi inaendelea.

Ni mimi mdogo wako, mtaalamu wa maji wa nchi mbili,

Masanja

Dada, nilikuwa nimeshakunja. Nimekunjua tena. Upande wa pili wa karatasi bado mweupe na utingo hajapiga honi.

Ile bluu. Sikuwa nafua. Mfereji tangu niuzibe maji hayakuacha kushuka, hata kidogo, kasi ile ile kila siku. Jumanne nikaona majani mawili ya mkaratusi yanaelea juu ya pale nilipochimba, yanazunguka polepole, yanazunguka, hakuna upepo. Nikanunua bluu yote iliyokuwapo dukani, nikaikoroga kwenye ndoo, nikazama nayo nikaimwaga pale pale chini. Halafu nikatoka mbio, nimelowa hivyo hivyo, nikapita kwa bibi, bustani yake kavu, nikashuka mpaka chini ya barabara ya magari, mahali ambapo hakuna mfereji wa mtu yeyote. Kuna nyasi mbichi pale, kiangazi chote hiki, na sikuwahi kujiuliza zinakunywa nini. Nikakaa. Nimekaa mpaka miguu ikafa ganzi. Maji yakatoka chini ya jiwe, ya kawaida, ya kawaida, halafu ya bluu.

Nikakumbuka ule mchezo wetu. Haukuwa mchezo, dada. Baba alipotuambia tuzungushe ng'ombe ndani ya shimo alikuwa anamalizia kazi, kwato zinakandika udongo chini mpaka maji hayana pa kupita, na mimi nilidhani anatupa likizo. Tofauti ya Ambakisye ndiyo hiyo. Lambo lina ng'ombe. Bwawa hili halina, lina lile tope la kijivu tu, na nimelitoa lote mimi mwenyewe kwa sururu nikiwa naimba. Na ng'ombe walio karibu nikitaka kulikandika upya ni watatu, wana majina, na mwenyewe ananiita kijana.

Baba usimwambie bado. Muulize tu, kama vile umewaza mwenyewe, ng'ombe watatu wanahitaji siku ngapi.

Kesho kutwa gari la saruji linapanda. Lazima niseme kabla fundi hajakoroga, mbele ya Mama Neema, mbele ya Ambakisye, na bibi akiwa pale. Pale ukingoni nimejaribu kulisema neno lenyewe mbele ya bata, limekwama. Sijawahi kusema neno kama hili maishani na wewe unanijua. Ndiyo maana naliandika kwako kwanza, mkono ukizoea labda mdomo utafuata. Haya.

Bibi Tusekile hajaiba maji. Bwawa nimelitoboa mimi.